Chembe za sumaku zilizovikwa dhahabu: wagonjwa waanze kuchomwa sindano zake sasa?

Mleta mada: Wakuu, kuna hizi chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) zenye kiini cha oksidi ya chuma na gamba la dhahabu. Zinasifiwa kwamba zitaionyesha saratani kwenye MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) na papo hapo kuiunguza. Msimamo wangu: zisiguse mgonjwa mpaka watengenezaji waonyeshe dhahabu hiyo inatokaje mwilini. Chuma kina njia yake. Ini na wengu huivunja oksidi, kisha mwili hukitumia kutengeneza damu. Ndiyo maana ferumoksitoli, chembe za oksidi ya chuma zilizofunikwa kwa kabohaidreti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Ukiifungia oksidi ndani ya dhahabu, umeiziba njia hiyo. Dhahabu ikinaswa kwenye ini haina haraka ya kuondoka.

Mtu wa maabara: Mkuu, gamba halikuwekwa kwa urembo. Chembe tupu hugandana na kuchakaa. Juu ya dhahabu, molekuli zenye salfa hushika barabara, kwa hiyo unapachika kingamwili ya kuutafuta uvimbe. Tena gamba la unene unaofaa hunasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kuugeuza joto. Kwenye nyuzi 42 hadi 45 seli za uvimbe huanza kuumia. CT, mashine ya picha za eksirei, nayo huiona dhahabu vizuri.

Mpiga picha za MRI: Hayo ni ya kwenye karatasi. Gamba likinenepa, maji ya mwilini hukaa mbali na sumaku ya kiini, na MRI husoma maji hayo hayo. Likiwa jembamba mno, mara nyingi halifuniki sawasawa. Halafu picha inataka chembe kidogo, tiba inataka nyingi. NanoTherm ya Ujerumani, chembe za oksidi ya chuma zinazopashwa joto kwa sumaku, zisizo na dhahabu, ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo. Chuma kinachobaki kichwani huharibu picha ya MRI ya sehemu ile ile unayotaka kuifuatilia!

Mfamasia: Mapitio ya 2016, yaliyokusanya tafiti za miaka kumi kwa wanyama, yalikuta kiwango cha kati cha dozi ya chembe za nano inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Hizo 99 na ushei ziko wapi?

Mtu wa maabara: Basi usipitishe kwenye mshipa, choma sindano ndani ya uvimbe. Na dhahabu kwa binadamu si ngeni: Marekani wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume walijaribiwa chembe zenye gamba la dhahabu, matokeo yakachapishwa 2019.

Mleta mada: Nayajua majaribio hayo, na yananipa nguvu. Kiini cha chembe zake kilikuwa silika (kama ya mchanga), si chuma, na leza ndiyo iliyopasha joto. Kama dhahabu na leza zinatosha, sumaku imefuata nini humo? Anayeitetea anitajie ugonjwa mmoja tu ambao chembe hii ya mchanganyiko inaushinda kuliko dawa mbili zinazotolewa kila moja kwa wakati wake.