Mjadala: Mji mkongwe usioujua, unaingia peke yako bila mpango?

Mguu Mosi: Wadau, kuna ushauri umezagaa kwamba mtu asikanyage medina (mji mkongwe) ya Fes, Morocco, wala vichochoro vya Venice, Italia, bila ratiba, hoteli ya siku zote na mtembezaji wa kumshika mkono. Napinga. Miji hii ilijengwa kwa mwendo wa mtu na punda. Lipia usiku wa kwanza tu, fika jua halijazama, tua mzigo, kisha nenda miguu inakokupeleka. Na simu ibaki mfukoni, ile doti ya bluu ya kukuonyesha ulipo kwenye ramani ni ya wavivu wa kutazama. Karibuni.

Dira: Mkuu, mvivu nani? Ukishapakua ramani ukiwa na waifai, inafanya kazi hata bando likiisha, maana setilaiti hazihitaji intaneti. Aliyejipanga hivyo ni mvivu kuliko anayesumbua kila mwenye duka?

Fundi Ramani: Intaneti hazihitaji, kweli. Zinahitaji anga. Simu lazima ipate ishara za setilaiti nne au zaidi, na kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanapishana kwa ubavu, katikati ya kuta ndefu, unachoona juu ni utepe wa mbingu. Ishara nyingi zinafika zikiwa zimeshagonga ukuta. Ishara ikichelewa nanosekunde 100 tu, simu inahesabu mita 30 ambazo hazipo. Kwenye barabara kuu hilo halina shida. Fes, mita 30 ni kichochoro kingine kabisa, na kati yako na hicho kichochoro kuna nyumba za watu. Chini ya paa la soko ndiyo usiseme: doti inaganda, halafu inaruka. Toka mpaka kwenye kiwanja, simama nusu dakika, subiri duara linaloizunguka doti lisinyae, ndipo usome.

Dira: Kumbe inafanya kazi. Asante kwa kunitetea.

Fundi Ramani: Sijakutetea. Nimesema inafanya kazi kiwanjani, na mtu hapotelei kiwanjani.

Tausi: Kaka zangu, mnagombania simu wakati mada ni mtu kwenda peke yake. Mwanamke akisimama kichochoroni ameinamia simu, tayari ametangaza kuwa amepotea. Hapo anatokea kijana: "Huku kumefungwa, nifuate." Fes huo ni mtego wa siku zote. Njia iko wazi, ila ukimfuata unaishia duka la ngozi na kudaiwa malipo ya kuongozwa. Usibishane naye, wala usipunguze mwendo. Ukitaka kuuliza, muulize muuza duka aliye na wateja mbele yake. Huyo hawezi kuacha biashara akakufuata.

Kiongozi wa Njia: Naomba tuheshimiane. Mtoa mada kasema "kumshika mkono", dada Tausi analeta vijana wa mitego, mwisho watembezaji wote tunaonekana matapeli. Morocco mtembezaji halali ana kitambulisho cha serikali, na bei mnapatana kabla ya kuondoka. Mwulize mapema: tutaingia maduka mangapi? Akikwepa swali, achana naye.

Mguu Mosi: Sijamtukana mtu, nimesema hahitajiki. Fes inasomeka kwa miguu. Pale kwenye lango la Bab Bou Jeloud zinaanza njia mbili, Talaa Kebira na Talaa Sghira, zote zinateremka kuelekea msikiti wa Qarawiyyin. Ukizipata, ukishuka unafika katikati, ukipanda unarudi langoni. Na Venice ni rahisi zaidi, namba za nyumba zinaanza upya kila mtaa.

Fundi Ramani: Hayo ya Venice ni matango pori. Namba zinakwenda kwa sestiere, yaani kata, nazo ziko sita. Castello peke yake zinapita 6,000, na zinazunguka majengo bila kujali kichochoro kimeishia wapi. Anwani ya kata na namba bila jina la kichochoro haimfikishi mgeni popote. Omba jina la kichochoro na la daraja au kanisa lililo karibu. Fuata vibao vya ukutani, Per Rialto na Per San Marco, yaani kuelekea daraja la Rialto na uwanja wa San Marco. Ukiona neno corte, jua ni uwanja wa nyumba, mara nyingi hautokei upande wa pili. Na kichochoro kikiishia majini, kimeishia hapo.

Mguu Mosi: Ya namba nimekuelewa. Mteremko wa Fes je, nao ni matango pori?

Fundi Ramani: Mteremko ni kweli, lakini haukwambii kama umeingia derb, yaani kichochoro cha makazi, isiyotoka. Dalili zake ni hizi: maduka yanakwisha, wapita njia wenye mizigo hawaonekani, njia inabana kila kona, inabaki milango ya nyumba tu. Geuka hapohapo, usingoje ukuta ukurudishe.

Tausi: Na hakuna aliyegusa usiku! Mchana mtu anajiwekea alama: kona ya vitambaa vyekundu, kona ya sufuria za shaba. Maduka yakifungwa, vitambaa na sufuria vinaingia ndani, na kila kona inabaki mbao za milango zinazofanana. Alama iwe kitu kisichofungwa: bomba la maji lenye vigae, tao, ngazi. Na kila unapokata kona geuka utazame nyuma, kwa sababu unaporudi utaiona kona kwa upande ule. Ukiweza, ipige picha.

Dira: Picha hiyo inapigwa kwa nini, dada, kama si simu?

Mguu Mosi: Kupiga picha si kufuata doti. Usigeuze maneno.

Tausi: Na chaji ikiisha mtageuza nini? Andikisha kwenye karatasi, kwa Kiarabu kama ni Fes, jina la lango la karibu na jina la nyumba unayolala. Mwombe mwenye nyumba aandike kwa mkono wake siku ya kwanza, kabla hujatoka kabisa. Lango liwe juu, maana jina la nyumba wa mtaa wa pili anaweza asilijue, lakini lango analijua.