Pikapu ya otomatiki haivuti ikishapata moto

Mkulima wa Konde: Assalaam alaykum. Pikapu yangu ya zamani, otomatiki, asubuhi inakwenda vizuri. Nikipakia magunia ya karafuu kwenda Wete, ikishapata moto injini inanguruma tu kilimani, gari haivuti. Fundi mmoja kanambia ninunue giaboksi nyengine. Ninunue?

Fundi wa Mkoani: Waalaykum salaam. Usinunue kitu bado, sheikh! Giaboksi ya mtumba ni kamari. Gari ikiwa na moto, iweke pahala tambarare, pitisha gia zote, rudisha P (ya kuegesha), na injini ikiwaka ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, si cha injini. Giaboksi hii hushika kwa msukumo wa oili, ikipungua huteleza hivyo hivyo. Futa kwenye kitambaa cheupe: ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha.

Mkulima wa Konde: Nimepima. Iko chini ya alama, lakini nyekundu, hainuki.

Fundi wa Mkoani: Alhamdulillahi! Basi inavuja. Tazama sili za shafti na gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Ongeza kidogo kidogo, aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, wala usizidishe.

Dereva wa Chake: Na taa ya O/D (overdrive, gia ya mwendo wa kasi) kwenye dashibodi ikipepesa, kompyuta ya gari isomwe hitilafu kwanza.