MREJESHO: Zile nyota moja moja za saluni yangu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri baada ya saluni yangu kupigwa nyota moja na watu ambao hawajawahi hata kukanyaga mlangoni. Kwenye Google Maps mwenye biashara hawezi kufuta maoni, anaripoti tu, basi nikaripoti. Lile la kumtukana mama yangu limeondolewa. Nyota tupu zisizo na maneno bado zipo, utazithibitishaje?

Aliyeshauri niwape punguzo wateja wakiniwekea nyota tano, asante ila hapana, Google wanakataza.

Yule dada aliyelalamika rasta zilibana hadi akatoka vipele sikumripoti, kwa sababu alisukwa kwangu kweli. Nilimjibu palepale, nikamwita tumfumue bure. Kaja jana. Bado kanuna.