Uliyewahi kugonga (siyo kugongwa): ulifanya nini baada ya pale? Tupeane uzoefu

Kifuu Tundu
Wakuu, habari za jioni. Kila uzi wa ajali humu umeandikwa na aliyegongwa. Leo naomba waje waliogonga. Naanza mimi.

Ijumaa saa moja usiku, Tegeta, foleni inasogea inasimama. Simu ikaita, nikaitupia jicho, kuinua kichwa Noah ya mbele imeshasimama. Nikaingia nayo mgongoni. Hakuna aliyeumia.

Nilishuka nikifoka. Mimi niliyegonga! "Unafungaje breki ghafla hivyo?" Mama aliyekuwa anaendesha akanitazama, akaniuliza, "Kaka, umeumia?" Nikanywea. Konda wa daladala ya pembeni naye ananinong'oneza, "Sema yeye ndiye aliyerudi rivasi." Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana siku ile nilikuwa tayari kusikiliza chochote.

Kwa aibu nikataka yaishe haraka. Nikasogeza gari kabla ya picha hata moja, nikampa yule mama laki mbili mkononi, hakuna karatasi, hakuna trafiki, tukaagana kwa heri. Baada ya wiki akanipigia: fundi anasema buti, bampa na taa ni laki sita na nusu. Hakuwa tapeli, alinitumia na picha. Kwenda kwenye bima yangu wakauliza ripoti ya polisi iko wapi. Sina. Zilizobaki nikalipa mwenyewe, kwa awamu tatu.

Utingo Mstaafu
Mkuu, simu tena? Haya, umekiri mwenyewe, tumekusamehe.

Mimi naendesha malori njia ya Tunduma. Mwaka wa pili wa kazi nilimgonga kijana wa bodaboda mbele kidogo ya Mafinga. Alikata kona bila kuangalia nyuma, lakini na mimi mwendo ulikuwa mkubwa, sitadanganya. Kabla sijazima injini watu wameshajaa, mmoja kashika jiwe. Tingo wangu akasema, "Bro, usishuke."

Sheria inataka usimame na umsaidie majeruhi, hilo kila dereva analijua. Ila anayetaka kukuua hasomi sheria. Nilihakikisha kijana ameshapakiwa kwenye gari dogo kupelekwa hospitali, nikaondoa lori taratibu, moja kwa moja mpaka kituo cha polisi. Nikaingia nikasema, "Afande, nimegonga mtu, yuko hospitali, gari hili hapa na leseni hii hapa." Kukimbia na kwenda kujisalimisha vinaonekana sawa kwa aliyebaki barabarani, ila mbele ya hakimu ni mbingu na ardhi. Mnaokimbilia nyumbani "kutuliza akili kwanza" mnajichimbia kaburi.

Hospitali walimpokea, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikafuata. Lori likakaa kituoni siku sita, mkaguzi wa magari akaja kuangalia breki, tairi na usukani. Bosi ananipigia kila saa kuhusu mzigo. Nilikiri kosa mahakamani, nikalipa faini.

Kingine. Siku ya tatu nilikwenda hospitali na mke wangu. Tulipeleka matunda na pole, basi. Sikuzungumza kesi wala hela. Baba yake alikataa kunisalimia. Mwezi uliofuata tulipokutana tena kituoni ndiye aliyenivutia benchi nikae.

Mdada wa Kihesa
Utingo, hapo kwenye benchi nimetokwa na machozi ofisini.

Stika ya Kijani
Nafanya kazi ya bima, naomba msiniulize wapi. Kifuu Tundu, kisa chako nakiona kila wiki.

Wengi mnafikiri bima ndogo ni karatasi ya kumwonyesha trafiki. Kazi yake hasa ni ya siku uliyogonga: inamlipa uliyemgonga. Haitengenezi gari lako, hilo ni la bima kubwa, na hata kubwa ina kiasi ambacho lazima ukitoe mfukoni kwanza. Kwa hiyo mtu mwenye bima ndogo anayemlipa mwenzake barabarani ameilipia huduma ileile mara mbili.

Ukishahakikisha watu wako salama, washa taa za hazadi, weka pembetatu mbali kidogo nyuma ya gari. Piga picha magari yakiwa yamesimama vilevile: moja ya mbali inayoonyesha barabara, nyingine za karibu za namba, stika na palipobonyea. Chukua namba ya simu ya shahidi asiye ndugu yako. Polisi ni 112.

Omba radhi kibinadamu, haina shida. Lakini usiandike popote "nitalipa gharama zote" kabla ya kuitaarifu kampuni yako. Mikataba mingi inakukataza kuahidi malipo kwa niaba yao, na watakushikia hapohapo. Wala usimruhusu fundi aguse gari kabla ya mtathmini kuliona. Nimeona mtu kaleta gari limenyooshwa na kupakwa rangi, anataka tuone ajali. Tuione wapi?

Stika yako ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, leo ukiwa na akili zako, maana feki bado zipo. Kampuni ikikuzungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila kama ulikuwa umelewa au leseni imeisha, mimi sina msaada.

Bi Mwana wa Kisiwani
Nami nichangie kutoka Mombasa. Mie niligonga tuktuk pale Kongowea, saa za soko. Huku kwetu unaripoti kituoni, waandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio, wapewa namba yake, kisha waifuatilia abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya muhtasari wa ajali. Bima bila abstrakti hawakusikizi. Mzee wa tuktuk alitaka tumalizane, nami nikamwambia, "Baba, tumalizane, lakini kwanza tuandikishe." Akakasirika. Juma lililofuata, mwenye tuktuk, maana kumbe yule mzee alikuwa dereva tu, akaja kudai kivyake. Ile namba ya OB ndiyo iliyoniokoa.

Mdada wa Kihesa
Nimesoma mpaka hapa, acha na mimi niseme. Nilimgonga mtoto wa miaka minane, alikuwa anafukuza mpira. Mwendo wangu ulikuwa mdogo. Alivunjika mguu, akapona, sasa anacheza mpira kunizidi mimi nikiwa na umri wake. Polisi na bima viliisha ndani ya miezi mitatu.

Kisichoisha ni mlio. Miezi minne sikushika usukani, nikasingizia gari bovu. Mume wangu ndiye aliyegundua, maana fundi alimwambia gari zima kabisa. Alianza kwa kunikalisha tu kwenye kiti cha dereva, uani, injini imezimwa, tunakunywa chai. Mpaka leo nikiona mpira barabarani nasimama kabisa, walio nyuma wapige honi watakavyo.

Kifuu Tundu
Pole sana dada yangu. Hiyo ya chai uani naichukua.

Mgeni Njoo
Samahani wakuu, nimeingia kwenye geti la jirani dakika kumi zilizopita, wao hawapo. Nina bima ndogo. Geti nalo linahesabika?

Stika ya Kijani
Geti ni mali ya mtu, ndiyo. Acha gari hapohapo, piga picha, mpigie jirani kabla hajapigiwa na mlinzi. Na toka humu kwanza.