Kanta, lile lori dogo, imenivunjia kibanda na cherehani, mwenye gari ananipa elfu ishirini. Nidai ngapi?

FundiSketi
Wasee salaam, huwa nasoma tu hapa lakini leo naomba msaada kabisa. Mimi ni fundi wa nguo huku Kariobangi South, kibanda changu cha mabati kiko kando ya barabara ya mtaa. Wiki mbili zilizopita kanta iliyoleta mchanga kwa ploti ya jirani ilirudi nyuma bila tanboi wa kuielekeza, ikaingia kwa kibanda mpaka kwa meza. Nilikuwa nimevuka kununua chai, namshukuru Mungu juu kiti changu ndicho kilifinywa.

Ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za nguo, imepinda shafti, fundi wa mashine amesema 14,000 itarudi kazini. Cherehani ya Singer ya pedo, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, kichwa kimepasuka vipande viwili na hiyo chuma haichomeleki vizuri. Ilikuwa ya mamangu, alitusomesha nayo sote wanne, yale maua yamefutika hapo mkono wake ulikuwa unapita. Sketi za shule 14 za wateja ziliingia matope na oili ya gari, na mabati sita yamekunjika.

Mwenye kanta anasema mashine ni za kitambo na kibanda ni mabati tu, ananipa 20,000 nisaini karatasi tumalizane. Mimi nikipiga hesabu ya kila kitu kipya dukani nafika 118,000 na hapo sijaweka siku nimekaa bila kazi. Nani ako sawa?

Mama Blessing
Pole sana dadangu. Usisaini hiyo karatasi tafadhali. Kakangu alisaini ya aina hiyo akachukua pesa kidogo, baadaye akapata injini pia ilikuwa imeharibika na hakuweza kurudi kudai.

Jembe_Umoja
Si bima ya third party inalipa kila kitu? Pata namba ya stika ya bima ya hiyo kanta uende kwa kampuni yao.

Omosh254
@Jembe_Umoja sio kila kitu. Ile bima sheria inalazimisha kila gari liwe nayo, Cap 405, inahusu mtu akifa ama akiumia. Mali ya mtu wa nje inategemea mwenye gari alinunua kava gani, wengi wanayo lakini ina kikomo. Barua ya kudai iende kwa mwenye gari, kopi kwa bima yake. Na kabla ya barua ufanye sachi NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayoandikisha magari, ujue gari limeandikishwa kwa nani, juu huyo anayekupa 20,000 anaweza kuwa dereva ama broka tu. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha uliripoti ajali, uko nayo?

FundiSketi
Ninayo, nilichukua siku ya tatu.

WakiliWaMtaa
Fundi pole. Nakujibu kwa urefu juu hapa ndipo watu wengi hupoteza.

Kwa ukweli wewe na mwenye kanta nyote wawili mmekosea hesabu. Korti haiangalii bei ya kitu kipya dukani, na pia haikubali mtu aseme ni ya kitambo basi haina bei. Inauliza kitu kilikuwa na thamani gani sokoni dakika moja kabla ya kanta kugonga, katika hali ile kilikuwa nayo. Kama kinatengenezeka na gharama haipiti thamani yake, unalipwa gharama ya kukitengeneza. Kama hakitengenezeki, unalipwa thamani yake ya siku hiyo, kutoa bei ya mabaki. Kwa hivyo ovaloki ni 14,000, isipokuwa kama hata ikiwa nzima ingeuzwa chini ya hapo. Singer tafuta inauzwa ngapi mtumba ikiwa nzima, pata bei za wauzaji wawili watatu kwa maandishi. Kwa mabati mapya watasema unapata faida juu ya zamani yako, lakini hakuna mtu anauza mabati ya kutu ya saizi yako, hapo usikubali kukatwa ovyo.

Mapenzi ya Singer ya mama hayana bei kortini. Naona uchungu kukuandikia hivyo lakini afadhali ujue sasa.

La pili, vitu kama hivi vinaitwa hasara maalum na lazima uvitaje kimoja kimoja kwa madai yako, na uvithibitishe. Ukiandika tu "vitu vya kibanda 118,000" utaondoka mikono mitupu hata kama hakimu anakuonea huruma. Lakini si lazima uwe umeshatengeneza ndio udai. Court of Appeal, korti ya rufaa, ilisema 2010 kwa kesi ya Nkuene Dairy dhidi ya Ngacha Ndeiya kwamba kwa mali iliyoharibiwa inatosha kuonyesha uharibifu ulivyo na itagharimu ngapi kurudisha kitu karibu na kilivyokuwa. Ndio maana ripoti ya asesa, yule mtaalamu wa kukagua na kukadiria uharibifu, ni muhimu kuliko risiti ya fundi.

Kiprop_M
Na zile sketi za wateja? Si wateja ndio wanafaa kushtaki?

WakiliWaMtaa
Swali zuri. Zilikuwa mikononi mwake kihalali, kwa hivyo anaweza kudai thamani yake yote kwa aliyeziharibu halafu awafikishie wenyewe pesa yao. Hiyo ni kanuni ya zamani, kesi ya meli ya Winkfield Uingereza 1902, na ndiyo inafuatwa. Andika jina la kila mteja, kitambaa na saizi.

FundiSketi
Asante sana. Na siku za kazi? Tili yangu ya M-Pesa ilikuwa inaingiza kama 1,800 kwa siku, sasa ni siku 15, nikaandika 27,000.

Omosh254
Hiyo 1,800 ni mauzo, toa kwanza uzi, bitana, stima na pesa ya yule kijana anakusaidia. Ikibaki 900 basi siku 15 ni 13,500. Printi stetimenti ya tili ya miezi sita, hakuna mtu atakupinga na hiyo.

WakiliWaMtaa
Ako sawa. Na hii ya kukosa kazi pia lazima itajwe na ithibitishwe, kesi ya Bagine dhidi ya Bundi ya 1997 ilikaza hapo. Kitu kingine fundi, usikae bila kazi ukingoja kesi. Sheria inataka upunguze hasara kadiri unaweza. Kodisha mashine kwa mwenzako, uweke risiti ya kukodisha, hiyo utalipwa badala ya siku zote za kukaa bure.

Korti ni Small Claims, ile ya madai madogo, inachukua madai mpaka milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili na inafaa iamuliwe ndani ya siku 60. Shtaki mwenye gari na dereva pamoja. Una miaka mitatu kutoka siku ya ajali, lakini usingoje, mashahidi huhama.

Jembe_Umoja
Watamwambia kibanda kiko kwa road reserve, ardhi iliyotengewa barabara.

WakiliWaMtaa
Watajaribu, kwa hivyo beba leseni ya kaunti na risiti zake. Lakini dereva hana ruhusa ya kurudi nyuma bila kuangalia eti juu nyuma yake kuna kibanda.

FundiSketi
Mungu awabariki. Kuna kijana wa vyuma kuukuu amekuja mara mbili anataka hiyo Singer, ananipa 600.

Omosh254
Usimpe kabla asesa hajaiona na kuipiga picha.

FundiSketi
Sawa. Asesa anakuja Alhamisi, kuna jirani amenikopesha pesa yake ya kumlipa. Mashine nimepata ya kukodisha 200 kwa siku kwa dada mmoja hapa sokoni, naanza kesho na zile sketi, shule zinafunguliwa Jumatatu.

Mama Blessing
Nina za wasichana wangu wawili za kushona, nitumie inbox uko upande gani wa soko.