Kuomba jambo lile lile kila siku: ni subira au ni kukosa imani?

NgojaZamu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna mafundisho mawili yanayogongana, naomba tuyachambue. La kwanza linasema: omba mara moja, amini umepokea, kuanzia hapo ni kushukuru tu, ukirudia umeonyesha hukuamini. Wanasimama kwenye Marko 11:24 na Mathayo 6:7. La pili linasema usiache mpaka upate, kama mjane wa Luka 18 aliyemwendea kadhi mara kwa mara akidai haki. Sasa mwenye ombi la muda mrefu, tuseme ndugu aliyeiacha imani, au ndoa inayongojea mtoto, afuate lipi? Na kwa vitendo, mtu anaombaje jambo moja kwa miaka bila kugeuka kasuku? Naomba maandiko na utaratibu. Shuhuda tuziweke kwenye mada nyingine.

Berea17

Amina, mpendwa. Nianze na Mathayo 6:7, maana ndiyo inayopindishwa zaidi. Yesu alikataza kupayuka-payuka, na sababu akaitaja palepale: hao wanadhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Kosa lao ni kuyategemea maneno yenyewe. Yeye mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara tatu, na Mathayo 26:44 inasema ya tatu alitumia maneno yale yale. Kama kurudia ni kutokuamini, basi tumeshamhukumu Bwana.

Mahali pazuri pa kuliona hili ni 1 Wafalme 18. Mlima mmoja, siku moja, mwombaji mmoja. Ombi la Eliya la moto lina mistari miwili tu, 36 na 37, na moto ukashuka. Kisha likaja la mvua. Akainama hadi chini, uso kati ya magoti, akamtuma mtumishi atazame upande wa bahari. Hakuna kitu. Rudi tena. Mara ya saba ndipo likaonekana wingu dogo kama mkono wa mtu. Na mvua hiyo ilikuwa imeahidiwa tangu mstari wa 1. Kwenye mstari wa 41 Eliya amekwisha kumwambia Ahabu aende akale na kunywa kwa sababu mvua inakuja. Alikuwa na hakika, na bado akaendelea kuomba. Anayesema kurudia ni kukosa imani atuonyeshe Eliya alikosea wapi kuanzia mara ya kwanza hadi ya sita.

Marko 11:24 haitaji idadi ya mara. Inataja namna ya kuomba. Halafu watu huishia hapo, wakati mstari wa 25 unadai uwe umesamehe. Hapo pachunguzwe kabla hujaanza kuhesabu miezi.

Kuhusu Luka 18, angalizo moja: kadhi dhalimu si picha ya Mungu. Hoja ni kwamba ikiwa hata dhalimu alitoa haki, sembuse Mungu. Wanaosoma kinyume huishia kwenye maombi ya kumchosha Mungu, wanachoka wao.

Mama Mwombezi

Berea kagusa maandiko, mimi niseme utaratibu.

Chukua daftari, ukurasa mmoja kwa ombi moja. Juu andika tarehe, kisha ombi lenyewe kwa sentensi moja ambayo ikijibiwa utajua imejibiwa. "Mungu ambariki kaka" huwezi kujua lini imetimia. "Kaka apatane na baba na arudi ibadani" utajua. Chini yake weka andiko moja unalolisimamia. Ukiweka kumi hutalishika hata moja. Na liwe limeahidiwa kwa kila aaminiye, kama Yakobo 1:5 kwa anayetafuta hekima. Ahadi ya Isaka alipewa Abrahamu kwa jina, na akangoja miaka 25, tangu ana 75 hadi 100. Jifunze kungoja kwake, ila usiifanye hati yako wewe ya kupata mtoto.

Nusu ya chini ya ukurasa iache wazi. Ombi likibadilika usifute, andika tarehe na namna lilivyobadilika. Ukipitia daftari baada ya miezi kadhaa utaona kitu ambacho kichwa hakitunzi: jibu mara nyingi huja vipande vipande. Kaka hajarudi ibadani, lakini amepokea simu ya baba.

Muda: dakika 15 kila siku zinafaa kuliko mkesha mmoja kwa mwezi. Dakika 3 zaburi kwa sauti, 3 shukrani kwa mambo yanayotajika, 5 ombi, 4 kimya. Hilo ombi la muda mrefu lisivuke theluthi ya muda wako. Likivuka, unaanza kukutana na Mungu kwa ajili ya jambo hilo peke yake, na likikawia unaacha sala yote. Hapo ndipo wengi wanapokatikia.

Siku ambayo maneno yamekauka, soma sentensi yako kama ilivyoandikwa, sali Baba Yetu, inuka. Warumi 8:26, kwamba Roho hutuombea tusipojua kuomba, inatosha kwa siku kama hiyo.

Na uombe huku unajiandaa. Nehemia aliuombea mji wa Yerusalemu uliobomoka tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne. Mfalme alipomwuliza anataka nini, alikuwa na muda wa safari, barua za maliwali na barua ya mlinzi wa msitu kwa ajili ya miti (Nehemia 2:5–8). Hayo hayakuja ghafla pale mezani kwa mfalme.

Fundi Hema

Nawaunga mkono, ila mmeruka swali la lini mtu aache. Yapo maombi yanayofungwa. Musa aliomba avuke Yordani, akaambiwa asiseme tena habari hiyo (Kumbukumbu 3:26). Daudi alifunga siku saba kwa ajili ya mtoto. Mtoto alipofariki akaoga, akaingia nyumbani mwa BWANA, kisha akala (2 Samweli 12). Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12). Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa imani yake ni ndogo. Wanaowalaumu wagonjwa waisome orodha hiyo taratibu.

Acha basi ukishajibiwa, hata jibu likiwa hapana. Au jambo likishapita. Au ukigundua unachoomba kinapingana na Neno. Kuchoka hakumo. Kukawia nako hakumo: Danieli aliomboleza wiki tatu, na alipojiwa akaambiwa maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza (Danieli 10:12–13).

Hatari ninayoiona kubwa kuliko kukata tamaa ni kujijibu mwenyewe. Mfalme Sauli alimngoja nabii Samweli siku saba kama alivyoagizwa, watu wakaanza kutawanyika, akatoa sadaka kwa mkono wake. Alipomaliza tu, Samweli huyo anafika (1 Samweli 13:8–10). Siku hizi hali hiyo utaitambua kwa mtu "aliyepata amani" juu ya kile kile alichokitaka tangu mwanzo. Ndugu zake ni wale wa Yeremia 42: walimwomba nabii awaulizie kwa Mungu, wakaapa kutii lolote. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Lilipokuja wakamwita mwongo, kwa sababu moyoni walikwisha kwenda Misri.

Kwa hiyo kwenye daftari la Mama ningeongeza mstari mmoja: jibu la hapana litaonekanaje, nami nitalitambuaje? Kama huwezi kuujaza, umempelekea Mungu taarifa tu.

Tarehe ya mwisho usimwekee Mungu. Tarehe ya kulipitia daftari jiwekee wewe, kila baada ya miezi mitatu hivi.

NgojaZamu

Asanteni sana, mbarikiwe. Yamebaki mawili. Yakobo 1:6 inataka mtu aombe pasipo shaka. Siku ambayo shaka ipo, aache kwanza? Na hasira kwa Mungu, je, ina nafasi kwenye sala?

Berea17

Asiache. Yakobo pale anazungumzia kuomba hekima, na anayemkemea ni mtu wa nia mbili (mst. 8), anayemwomba Mungu huku ameshaegemea kwingine. Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alisema waziwazi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakurudishwa nyumbani akaongeze imani kwanza, mwanawe alifunguliwa siku hiyohiyo. Shaka unayomwambia Mungu tayari ni sala.

Kwa hasira, tumia Zaburi 13. Ina mistari sita. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" inarudi mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni kutumaini. Isome kwa sauti, na baada ya mstari wa 2 taja jambo lako kwa jina. Siku ambayo wa 5 haukutoki kwa kweli, ishia wa 4, kesho urudi. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Mama Mwombezi

Niongeze la kufunga chakula, maana najua litaulizwa. Usifunge ili kulisukuma ombi lililokwama. Anza na mlo mmoja, maji unywe, na ule muda wa mlo ndio uwe wa sala. Ukifunga huku unaendelea na shughuli kama kawaida, umeruka mlo tu. Mjamzito, mwenye kisukari, au anayemeza dawa zinazotaka chakula, afunge kitu kingine, simu kwa mfano. Dawa asiziache. Mfalme Hezekia akiwa mgonjwa aliomba akaongezewa miaka 15, na Isaya yuleyule aliyemletea jibu akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7).