Vipande viwili vya msonobari, vipimo sawa, uzito tofauti: msongamano wa mbao unatueleza nini?

Mwanafunzi_wa_Randa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninavyo vipande viwili vya msonobari vilivyopasuliwa kwa vipimo sawa na kuanikwa mahali pamoja hadi vikakauka, lakini kimoja ni chepesi kiasi kwamba huhitaji mizani kuitambua tofauti. Majedwali hutoa namba moja tu kwa kila aina ya mti, takribani kilo 500 kwa mita ya ujazo kwa msonobari wa kawaida, kana kwamba miti yote ya aina hiyo imetoka katika kalibu moja. Naomba kuelezwa ni nini hasa kinachofanya mbao ziwe nzito au nyepesi, kwa nini hata aina moja hutofautiana hivi, na kama ninaweza kutumia uzito peke yake kuchagua kipande cha kutengenezea rafu za kubebea vitabu.

Darubini

Ndugu Mwanafunzi, anza na jambo ambalo huwashangaza wengi: nyenzo inayojenga kuta za seli za mti, yaani selulosi, lignini na viambata vyake, haina tofauti kubwa kutoka mti hadi mti. Msongamano wa nyenzo hiyo ni takribani kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, uwe mti ni balsa au mpingo. Kinachotofautiana ni nafasi tupu iliyomo ndani ya seli. Balsa iliyokauka, yenye kilo 150 hivi, ni tupu kwa sehemu tisa katika kila kumi. Msonobari wako wa kilo 500 ni mtupu kwa theluthi mbili. Na mpingo, unaofikia kilo 1,200 na hivyo kuzama majini, umebakiwa na sehemu moja tupu katika kila tano.

Nafasi hizo hupangwa kwa namna mbili kuu. Katika misonobari na jamaa zake, zaidi ya asilimia 90 ya ujazo ni seli za namna moja tu, nyembamba na ndefu kiasi cha milimita tatu au nne, ambazo hupitisha maji na papo hapo hubeba uzito wa mti. Miti ya majani mapana imegawana kazi: ina mishipa mipana ya kupitishia maji, na kando yake nyuzi fupi zenye kuta nene ambazo kazi yake ni kuupa mti nguvu, pamoja na seli laini za kuhifadhia chakula. Uwiano wa makundi hayo na unene wa kuta za nyuzi ndio unaoamua uzito, na ndiyo sababu balsa na mpingo, ambayo yote ni miti ya majani mapana, inasimama kwenye ncha mbili za kipimo. (Kwa hiyo mgawanyo wa biashara wa "mbao laini" na "mbao ngumu" unakueleza habari za ukoo wa mti, si za ugumu wake.)

Sasa vipande vyako. Lainisha ncha ya kila kimoja kwa wembe mkali, iloweshe kidogo, kisha uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona mistari myeupe na mistari ya kahawia ikipokezana. Mweupe ulijengwa mwanzoni mwa msimu, mti ulipohitaji maji mengi, kwa hiyo seli zake ni pana na kuta zake ni nyembamba. Wa kahawia ulijengwa mwishoni mwa msimu, na msongamano wake unaweza kuuzidi ule mweupe zaidi ya mara mbili. Mistari hiyo miwili kwa pamoja ni pete moja, yaani ukuaji wa msimu mmoja. Nadhani kipande chepesi kitakuwa na pete pana zilizojaa weupe, na kama pete hizo zimepinda sana, basi kimekatwa karibu na kitovu cha gogo, mahali penye mbao za utoto wa mti. Ningeiepuka sehemu hiyo hata kama uzito wake ungeridhisha, kwa sababu nyuzinyuzi ndogo zilizo ndani ya kuta za seli zake zimelala kimshazari mno, na mbao za namna hiyo hunywea kwa urefu zinapokauka na kujikunja.

Fundi_Patasi

Maelezo ya Darubini ni sahihi kwa msonobari, ila naomba yasihamishiwe kwenye mwaloni, kwa maana huko kanuni ya pete hugeuka. Mwaloni huanza kila msimu kwa kujenga mkanda wa mishipa mikubwa inayoonekana kwa macho matupu, na upana wa mkanda huo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Mti ukikua kwa kasi, kinachoongezeka ni nyuzi nzito zinazofuata, kwa hiyo mwaloni wenye pete pana ndio mzito zaidi, na ule uliokua kwa taabu, wenye pete zilizobanana, huwa mwepesi na huvunjika kirahisi.

Uzito peke yake haukutoshi. Msonobari ulioinama hujenga upande wa chini mbao nyekundu-nyekundu, nzito kuliko za kawaida, lakini zinanywea vibaya na hukatika ghafla.

Mwanafunzi_wa_Randa

Nawashukuru sana. Je, ninaweza kupima msongamano mwenyewe? Na je, mbao nzito huoza polepole zaidi?

Darubini

Kupima ni rahisi. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha kizamishe kipande kidogo kwa ncha ya sindano bila kugusa bakuli: gramu zitakazoonekana ni sawa na sentimita za ujazo za kipande hicho. Gawanya uzito wake mkavu kwa ujazo huo, na jibu la 0.5 ndilo kilo 500 kwa mita ya ujazo. Sharti kipimwe kikiwa kikavu, kwani katika msonobari mbichi maji yaliyomo kwenye sehemu nyeupe ya nje mara nyingi huwa mazito kuliko mbao zenyewe.

Fundi_Patasi

Kuhusu kuoza, uzito ni shahidi dhaifu. Mbao za "beech", ule mti wa Ulaya unaofikia kilo 700, huoza upesi zikiachwa nje, ilhali seda nyekundu ya magharibi, yenye kilo 400 au pungufu, hudumu miaka mingi, kwa sababu kiini chake kimejaa kemikali ambazo kuvu hawazipendi. Kwa rafu za ndani ya nyumba hilo halikuhusu. Chukua kile kipande kizito, mradi pete zake ziwe zimenyooka na kisiwe na vifundo katikati ya urefu wake.